Vyombo Vikikaa Pamoja Havikosi Kugongana



Mwezi huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi hulinong'ona na wachache hulisema: ugomvi ndani ya vikundi vyetu vya muziki. Hatutataja kikundi, wala mtaa, wala harusi ya nani. Mwenye kuhusika atajijua mwenyewe. Katika miji yetu hii, Houston upande mmoja na Dallas na Fort Worth upande wa pili, familia zetu si nyingi, na wenye kuweza kupiga udi, fidla, kinanda au dumbaki ni wachache zaidi. Watu hao huitoa siku yao moja ya mapumziko, wakaendesha gari maili thelathini au zaidi, wakakutana sebuleni kwa mmoja wao, ili harusi zetu na sikukuu zetu zisipite kimya. Mshahara hawana. Watu kama hao wakigombana, hasara ni yetu sote.

Tunajua kwamba wapo miongoni mwetu wasioziridhia ala za muziki, na wapo wanaoona hazina neno. Mjadala huo una wenyewe, nao ni wanazuoni. Safu hii haiuingilii. Haya tuyasemayo yanawafaa wapigaji wa taarabu, na yanawafaa vilevile wasomaji wa kasida wasiotumia ila dufu. Popote watu watano wanapotakiwa kutoa sauti moja, tabia tano hutangulia kukutana.

SI JAMBO LILILOANZA KWETU

Tusidhani kwamba ugeni huu ndio uliotuharibu. Waliotutangulia walilijua jambo hili vyema. Klabu kongwe ya taarabu ya Unguja iliundwa mwaka 1905, na vijana walioiunda waliiita Akhwani Safaa, yaani ndugu wenye usafi wa moyo. Jina hilo waliliazima kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Yafaa tulitafakari jina hilo. Vijana wale hawakujiita mabingwa wa fidla, wala wenye sauti tamu. Waliuweka udugu mbele, kana kwamba walitambua tangu siku ya kwanza ni kitu gani kitakachowapa taabu. Klabu hiyo ilitimiza miaka mia moja mwaka 2005.

Hata hivyo mji mmoja haukutosheka na klabu moja. Mwaka 1958 iliundwa Unguja klabu nyingine ambayo leo twaijua kwa jina la Culture, au Mila na Utamaduni. Dar es Salaam ilikuwa na Egyptian na Al-Watan. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star. Kila palipokuwa na klabu mbili palikuwa na ushindani, na ushindani huo ulikuwa na faida yake: aliyechoka upande mmoja alipata pa kwenda upande wa pili, na mji haukukosa muziki.

Bendi za dansi nazo zina historia ya namna hiyo. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliiongoza Simba Wanyika mjini Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao, miongoni mwao mpiga gitaa Omar Shabani aliyepewa lakabu ya Profesa, waliiacha bendi hiyo wakaunda Les Wanyika. Haukupita muda mrefu wimbo wao wa "Sina Makosa" ukawa unasikika kila mahali. Baadaye Issa Juma naye akatoka Les Wanyika akaunda Super Wanyika. Jina la Wanyika likawa kama ukoo wenye matawi. Kule Dar es Salaam, mwaka 1985, wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo, waliondoka kwenda kuunda bendi mpya ya Orchestra Safari Sound. Mlimani Park haikufa, na baadaye baadhi ya walioondoka walirejea.

Wasikilizaji wa siku zile hawakupoteza kitu, pengine walizidishiwa. Nairobi ilikuwa na kumbi nyingi, kampuni za sahani za santuri, na maelfu ya watu wa kusikiliza. Bendi moja ikipasuka zilizaliwa mbili, na zote mbili zikapata pa kupiga.

Sisi hatuko Nairobi. Kikundi chetu kimoja kikipasuka hapa hakizai viwili. Kinabaki kinanda kimoja katika nyumba moja, fidla katika nyumba nyingine, na mwimbaji asiye na wa kumpigia. Na hilo bado ni dogo. Yule mpiga fidla na yule mwimbaji waliokatana semi ndio hao hao wanaotazamiwa kusimama pamoja siku ya msiba. Mmoja ndiye ajuaye kuosha maiti; mwingine ndiye mwenye gari la kuwachukua watu makaburini. Bendi ikivunjika Unguja, mji una watu wengine. Hapa kwetu anayeninyima salamu kwa sababu ya wimbo ndiye atakayetakiwa kunizika. Kwa sababu hiyo tumeona jambo hili linastahiki ukurasa wetu, ingawa kwa wengine litaonekana kuwa ni mambo ya ngoma tu.

MAJIRANI ZETU WA HAPA TEXAS

Mji huu tulioukuta nao una mifano yake. Tunaitaja kwa ajili ya mafunzo yaliyomo. Nyimbo zao ni zao.

Mwaka 1969 iliundwa Houston bendi ya ZZ Top. Mwaka uliofuata ikatulia kwa watu watatu: Billy Gibbons, mwenyeji wa Houston, na Dusty Hill na Frank Beard, waliokwisha kupiga pamoja Dallas. Watu hao watatu, wa miji miwili ambayo hata leo haiachi kutaniana, walikaa pamoja bila ya kubadilishana hata mmoja mpaka Hill alipofariki Julai 2021. Ni zaidi ya nusu karne. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya safari nyingi za kupiga, walisimama wakapumzika kwa muda mrefu, kila mtu na njia yake. Hill, aliyekuwa amekwisha kupata umaarufu, alikwenda kufanya kazi ya kawaida katika kiwanja cha ndege cha Dallas. Walipokutana tena waliendelea. Wengi wetu tunafanya kazi katika kiwanja hicho hicho. Basi tukumbuke kwamba mapumziko ya wakati wake yaliiponya bendi ambayo huenda maneno yasingeiponya.

Mfano wa pili ni wa mabinti wanne wa Houston waliojulikana kwa jina la Destiny's Child. Msimamizi wao alikuwa Mathew Knowles, baba wa mmoja wao, Beyoncé. Mwishoni mwa mwaka 1999 wawili wengine, LeToya Luckett na LaTavia Roberson, walitaka wawe na msimamizi wao, wakilalamika kuwa kulikuwa na upendeleo. Mwanzoni mwa mwaka 2000 ilitoka video ya wimbo wao mpya, na ndani yake mlikuwa na wasichana wengine wawili mahali pao. Shauri lilifika mahakamani, likamalizwa kwa mapatano. Hatukuwapo na hatumhukumu mtu. Tunaona hili tu: uongozi, fedha na nasaba vikikaa katika nyumba moja, hata kama mwenye nyumba ni mwadilifu kiasi gani, wengine hawatalala usingizi.

Mfano wa tatu ni wa Dallas. Mwaka 1989 wanawake wanne, Laura Lynch, Robin Lynn Macy na ndugu wawili, Martie na Emily Erwin, walianza kupiga muziki wa nyuzi wa vijijini, uitwao bluegrass, wakipiga hata pembezoni mwa njia kwa kutunzwa na wapita njia. Macy aliupenda muziki ule katika hali yake ya asili; wenzake walitaka kuubadilisha ili uwafikie wengi. Mwaka 1992 Macy aliondoka. Mwaka 1995 nafasi ya Lynch ikachukuliwa na Natalie Maines, na bendi hiyo, ambayo leo inaitwa The Chicks, ikawa maarufu duniani. Tofauti ya Macy na wenzake ilikuwa ya muziki wenyewe: mmoja alitaka asili na wengine walitaka mapya. Tofauti kama hiyo haitatuliwi kwa kuombana radhi, kwa kuwa hakuna aliyekosa. Hutatuliwa kwa kuisema mapema na kuchagua njia.

NI KITU GANI HASA KINACHOGOMBANISHA?

Aghalabu kikundi kinapovunjika tunasikia neno moja: "Fulani ana tabia mbaya, hakaliki." Tumelichunguza neno hili, tukaona kwamba mara nyingi linabeba mzigo usiokuwa wake. Chini ya tabia pana mambo ambayo kikundi hakikuyapatania tangu mwanzo, na kila mmoja akajipatia jawabu lake.

La kwanza ni wakati. Mazoezi yamewekwa saa nane mchana. Mmoja anafika saa nane kasorobo na ala yake imekwisha kutiwa sauti. Mwingine anafika saa tisa u nusu na chai mkononi. Wa kwanza anasema huyu ana dharau. Wa pili anasema yule ana kiburi. Ukiuliza utagundua kwamba yule wa pili ametoka zamu ya usiku ya ghala, amelala saa tatu, kisha amewapeleka watoto madrasa. Hapo pana ratiba mbaya na usingizi mchache, dharau haimo.

La pili ni tunzo. Ada yetu ya taarabu inajulikana: msikilizaji akiguswa huinuka, akacheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji. Fedha zinaingia mkononi mwa mmoja, lakini waliomfikisha hapo ni saba. Mwimbaji huona ametunzwa yeye, na ni kweli. Mpiga dumbaki huona bila yeye wimbo ungelala, na hilo nalo ni kweli. Kikundi kisichosema tangu mwanzo tunzo ni za nani kimejiwekea kaa la moto chini ya jamvi.

La tatu ni chombo. Mwenye kununua spika na maikrofoni kwa fedha zake hufika siku akaanza kusema "bendi yangu". Wenzake huanza kujiona wageni. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Imetokea kwa kuwa hakuna aliyeandika chombo ni cha nani na kikiharibika kitatengenezwa na nani.

La nne ni nafasi ya mbele. Waitikiaji ni wengi na mwimbaji wa mbele ni mmoja. Kila mama katika waitikiaji ana wimbo mmoja moyoni ambao anaamini angeuimba vizuri zaidi.

La tano ni letu hasa, na wageni hawalijui: mafumbo. Taarabu ni fani ya kusema usilolisema. Mtu aliyekasirikiwa Jumamosi anaweza kuchaguliwa wimbo Jumapili. Ukumbi wote unapiga vigelegele. Yeye peke yake, pale alipokaa na rika lake mkononi, anajua kwamba maneno yale yametumwa kwake. Kosa hilo halina ushahidi. Anayeshitaki ataambiwa, "Wimbo ni wa zamani, wewe wajishuku." Na baada ya hapo hakuna suluhu inayoshika, kwa sababu hakuna jambo lililosemwa la kusuluhishwa.

WALIOFANIKIWA WALIFANYA NINI?

Tukimrejea Siti binti Saad tunapata somo. Yeye alikuwa nyota asiyekuwa na mfano wake, na jina lake lilitosha kujaza ukumbi. Pamoja na hayo alikuwa na wenzake: Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo na Mbaruk. Walikuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, wakapiga, wakatunga pamoja. Walipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani za santuri, hakwenda peke yake, na katika sahani za miaka ile wenzake hao nao waliimba nyimbo kwa majina yao wenyewe. Nyota alibaki kuwa nyota, lakini mwanga haukuwa wake pekee. Mwimbaji wa kikundi chetu anayemwachia mwenziwe nyimbo mbili katika usiku wa nyimbo kumi hapunguki kitu, na amenunua amani ya mwaka mzima.

Upo pia utafiti unaofaa kujulikana. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Keith Murnighan na Donald Conlon, walichapisha matokeo ya kuchunguza vikundi 20 vya Uingereza, kila kimoja chenye wapigaji wanne: fidla mbili, viola na selo. Vikundi hivyo ni vya kazi, lakini tabu zao ni kama zetu. Waliona kwamba katika kila kikundi fidla ya kwanza huongoza, na papo hapo wote wanne husema kuwa wao ni sawa. Vikundi vilivyostawi viliishi na kinyume hicho bila ya kukijadili kila siku. Waliona pia taabu ya fidla ya pili, ambaye anatakiwa awe hodari kama wa kwanza ilhali hasikiki sana. Vikundi vilivyostawi vilijua thamani yake na vilimpa heshima yake. La tatu waliloliona ndilo linalotugusa zaidi: vikundi vilivyostawi, katika mazoezi, vilipiga zaidi kuliko vilivyosema. Wakitofautiana juu ya namna ya kupiga, walijaribu kwa nyuzi.

Tuyaangalie mazoezi yetu kwa kipimo hicho. Katika saa tatu za kukutana, muziki ni dakika ngapi?

TUNAYOSHAURI

Baada ya maelezo hayo tunatoa ushauri wetu. Hatudai kuwa ni dawa ya kila ugonjwa.

Kwanza, kikundi kiwe na ukurasa mmoja wa maandishi. Klabu zetu za nyumbani zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na hakuna aliyesema huko ni kukosa imani. Ukurasa huo useme mazoezi ni lini na kwa nani, mtu akichelewa afanye nini, nyimbo zachaguliwaje, tunzo zagawanywaje, na vyombo ni vya nani. Kila mtu autie mkono na abaki na nakala yake. Andikeni siku mnayopendana. Siku ya ugomvi kalamu huwa nzito.

Pili, saa ya mazoezi ipangwe kwa kuangalia zamu za watu. Kila mwezi mmoja aulize: nani anafanya kazi usiku wiki ipi? Mazoezi mawili kwa mwezi yenye watu wote ni bora kuliko manne yenye manung'uniko. Na sehemu ya kukutania ihamehame. Kikundi ambacho daima hukutana Irving, mkaazi wa Fort Worth hujiona amealikwa tu. Kwa ndugu wa Houston, anayekaa Katy na anayekaa Pasadena wapokezane safari.

Tatu, tunzo zote ziingie katika kapu moja. Zihesabiwe usiku ule ule mbele ya watu wawili wasiokuwa wa nyumba moja. Kwanza ziondolewe gharama za petroli, nyuzi na matengenezo. Zinazobaki zigawanywe kama ilivyoandikwa. Mkipatana kwamba mwimbaji apate fungu la ziada, ni haki yenu, maadamu limesemwa kabla ya harusi. Na mshika kapu asiwe mke, mume au ndugu wa kiongozi. Hilo ni kwa ajili ya kumlinda yeye mwenyewe.

Nne, nyimbo zichaguliwe kwa zamu, na kila mmoja awe na haki ya kuukataa wimbo mmoja bila ya kuulizwa sababu. Haki hiyo ndogo inaufunga mlango wa mafumbo. Mtu akisema, "Huu siutaki," unawekwa kando na hakuna wa kumwambia ajishuku.

Tano, tukosoe sauti, tusimkosoe mtu. Kusema "Fidla imetupita katika ubeti wa pili" ni tofauti na kusema "Wewe hujui." Na hapa tuna jambo la adabu zetu. Kinanda mara nyingi kiko mikononi mwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyesomea shule za hapa, na udi uko kwa mzee wa miaka sitini. Kijana amezoeshwa kusema analoliona papo hapo. Mzee hakuzoea kusahihishwa na mtoto wa mwenziwe mbele ya watu. Kijana na aseme, "Mzee, tunaomba turudie tokea mwanzo wa ubeti," na mwenye akili atafahamu. Likiwa ni jambo kubwa, ampelekee kiongozi faraghani. Na mzee naye akubali kwamba kijana yule anaweza kusoma noti asizozisoma yeye, na kwamba asipomsikiliza mwaka huu, mwakani hatakuja.

Sita, mkibishana juu ya namna ya kupiga, pigeni namna zote mbili, tena kila namna ipigwe kwa moyo. Mara nyingi masikio huamua kabla ya midomo. Pasipopatikana uamuzi, wimbo uachwe mpaka mazoezi yajayo. Mazungumzo mengine yote yangoje chai.

Saba, ugomvi usipelekwe kwenye ujumbe wa simu. Maneno yaliyoandikwa usiku wa manane hayana uso wala sauti, na kesho yake yamekwisha kusomwa Houston kabla mwenye kuandikiwa hajaamka Dallas. Mwenye donge amwendee mwenziwe, au atafutwe mtu wa kati. Mtu huyo awe nje ya kikundi, asiwe jamaa wa upande wowote, na awe anajua kunyamaza. Asikilize mmoja mmoja, kisha awakutanishe. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kazi yake ni kuzitenga kinga kwa muda, halafu kuzikutanisha zikiwa zimepoa.

Nane, pumzikeni. Baada ya msimu wa harusi, kikundi kikae mwezi mmoja bila ya mazoezi. Watatu wale wa Texas walipumzika muda mrefu zaidi, na wakarudi.

PAKIWA HAPANA BUDI KUACHANA

Tusijidanganye. Wapo watu wawili ambao, hata baada ya haya yote, hawawezi kupiga pamoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hakuna dhambi katika kulikiri hilo. Lakini kuachana nako kuna njia yake.

Anayeondoka aseme kwa kinywa chake, mbele ya wenzake, na atimize ahadi zilizokwisha kutolewa. Bibi harusi aliyeahidiwa taarabu hana kosa katika ugomvi wenu. Hesabu ifungwe siku hiyo hiyo, na kila chombo kirudi kwa mwenyewe. Wanaobaki wasimgeuze aliyeondoka kuwa kitoweo cha mazungumzo, na siku akitaka kurudi asikute mlango umepigiliwa misumari. Waliotoka Mlimani Park, baadhi yao walirudi, wakapokewa, na watu wakacheza.

La mwisho linatuhusu sisi wasikilizaji. Ugomvi wa watu wawili katika kikundi haukui wenyewe. Sisi ndio tunaoumwagilia maji. Tunauliza, "Eti ni kweli?" Tunamwambia huyu alilolisema yule, tukaongeza chumvi. Tunamwalika mmoja harusini makusudi ili mwenziwe asikie. Wapigaji wakivunjika tunasikitika, halafu tunamwita mtu wa kuweka santuri za kuchezeshwa kwa mashine, na mambo yamekwisha.

Lakini hayajakwisha. Watoto wetu waliozaliwa hapa huzungumza nasi Kiswahili cha "njoo", "kula" na "lala". Kiswahili cha ndani, chenye taswira na heshima na mzaha wake, wengi wao hukisikia mahali pawili tu: kwa bibi zao, na katika nyimbo. Mabibi wanapungua kila mwaka. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayejifunza dumbaki pembeni ya sebule, huku akiuliza neno hili maana yake nini, anapata somo ambalo hakuna shule ya Texas itakayompa. Na mtoto huyo ana masikio. Siku watu wazima wanapotupiana maneno na kufunga ala zao kwa hasira, naye anaiweka dumbaki chini, na hatuambii ni kwa nini hakuishika tena.

Wenye vikundi, kaeni muandike ukurasa wenu kabla ya msimu wa harusi kuanza. Waliokwisha kununiana, mmoja na atangulie kupiga simu wiki hii. Mwenye uzoefu wa namna nyingine ya kupatana atuletee kwa maandishi, nasi tutauchapa katika toleo lijalo, bila ya jina akipenda.